Siku Moja Kwenye Reli ya Mvuke: Mwongozo kwa Anayeanza Kujitolea

Ukiishi Uingereza na ukawa mpenzi wa treni, utagundua upesi kwamba nchi hii imejaa reli ndogo ambazo zamani zingeng'olewa na kuuzwa chuma chakavu, kama si watu wa kujitolea. Ya kwanza kuokolewa hivyo duniani ni Talyllyn, huko Wales. Ilifunguliwa 1865 kushusha sleti, yale mawe ya kijivu ya kuezekea nyumba, kutoka machimbo ya Bryn Eglwys hadi mji wa Tywyn ulio pwani. Mwenye reli alipofariki 1950, mwandishi Tom Rolt na wenzake wakaomba waiendeshe wao, na treni yao ya kwanza ikaondoka tarehe 14 Mei 1951. Inatembea mpaka leo.

Naandika kwa ajili ya Mswahili mwenzangu anayetaka kujiunga na reli ya aina hii, kwa sababu nilipoanza mimi sikupata mtu wa kunieleza kazi kwa lugha yangu. Wala kazi yenyewe si ngeni kwetu. Zile injini za mvuke aina ya Garratt, za daraja la 59, zilizovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, zenye majina ya milima yetu, ziliundwa Gorton, Manchester, zote 34. Mount Gelai bado unaweza kuiona kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Tofauti ni kwamba zile zilichoma mafuta mazito. Huku utashika koleo.

Kila reli ina kitabu chake cha kanuni, na hicho ndicho kinachotawala. Ukikuta kinapingana na nilichoandika hapa, fuata kitabu. Lakini chini ya kanuni zote kuna tabia moja ambayo ningependa uianze siku ya kwanza: relini hatupokei kitu kwa kuaminiana. Unaangalia kwa macho yako, unasema kwa mdomo wako, na mwenzako anafanya vilevile.

Usiku wa kuamkia zamu

Lala. Zamu ya injini inaweza kuanza saa 11 alfajiri, na reli nyingi zimeweka ukomo wa saa 12 za kazi kwa siku. Ukitoka kazini kwako usiku kisha ukaja kuwasha injini alfajiri, umekuja mtu hatari, hata kama una moyo mzuri namna gani.

Pombe usiiguse. Sheria ya Uingereza ya 1992 inamhesabu kuwa mhalifu mtu anayefanya kazi ya usalama kwenye reli akiwa amelewa, na haijali kama unalipwa au unajitolea. Dawa za mafua zinazoleta usingizi nazo zitaje kwa msimamizi kabla hujagusa kitu.

Vaa ovaroli ya pamba, buti zenye chuma puani, na glavu za ngozi. Nailoni huyeyuka ikaganda kwenye ngozi cheche ikiangukia. Dada zangu mnaovaa hijabu, chagueni ya pamba na muiingize yote ndani ya ovaroli. Ncha inayoning'inia ni adui karibu na mitambo. Pete na cheni viache nyumbani.

Hatua ya 1: Saini, kisha soma ubao

Jambo la kwanza ni daftari la mahudhurio: jina, saa, saini. La pili ni ubao wa matangazo. Hapo ndipo utajua kwamba genge la njia limebadilisha mataruma karibu na daraja na treni zote zipite polepole, au kwamba pointi fulani (pale reli zinapogawanyika) zimefungwa kwa kufuli. Usimuulize mtu "kuna jipya?" ukaridhika na jibu lake. Soma mwenyewe, mpaka mwisho.

Hatua ya 2: Boila, kabla ya kiberiti

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu huumia vibaya zaidi.

Panda kwenye kibanda cha injini na uhakikishe mambo manne kwa kuyagusa: breki ya mkono imekazwa, regyuleta (valvu ya kupeleka mvuke kwenye silinda) imefungwa, gia ya kwenda mbele na nyuma iko katikati, na koki za silinda ziko wazi. Shuka uzunguke injini nzima. Angalia kama kuna mtu chini yake. Usibahatishe: inama, mwite, msikilize.

Kisha tazama maji. Injini nyingi zina vioo viwili vya kupimia maji, mirija ya kioo iliyosimama ukutani mwa boila, kila mmoja ukiwa ndani ya kinga ya kioo kinene. Maji yasipoonekana kwenye kioo, hakuna moto. Usiseme "yatakuwapo, jana yalikuwapo".

Chukua taa, fungua mlango wa tanuru, uchungulie ndani. Unatafuta unyevu: mstari wa maji chini ya mirija ya boila, tone kwenye kichwa cha stei (boliti inayoshikilia kuta za tanuru), kutu mpya. Juu, kwenye dari la tanuru, utaona plagi ya risasi. Kazi yake ni kuyeyuka maji yakishuka mno, ili mvuke uvuje kwa kelele ndani ya tanuru na kuwaonya walio kibandani kabla dari halijalainika. Ukiona inavuja hata kidogo, usiwashe. Mwite fundi.

Baada ya hapo tandaza makaa kiasi, weka fito za mbao na vitambaa vilivyolowa mafuta, washa. Usikimbilie kupandisha presha. Boila ni chuma kinachotanuka, na kikitanushwa kwa pupa viungo vyake huvuja. Injini ndogo itataka saa 3 hivi, kubwa zaidi hata 5. Pitisha muda huo ukisugua shaba na kufagia.

Mvuke ukishapatikana, jaribu vioo. Hili utalifanya mara nyingi mpaka mkono ujue wenyewe, lakini akili isilale. Kila kioo kina koki tatu: ya juu ya mvuke, ya chini ya maji, na ya kumwagia. Fungua ya kumwagia, maji na mvuke vitoke. Funga ya maji: sasa utoke mvuke mtupu. Ifungue ya maji na ufunge ya mvuke: sasa yatoke maji, kwa nguvu. Rudisha zote mahali pake na ufunge ya kumwagia. Tazama maji yanavyorudi. Yanatakiwa yaruke juu kwa haraka, yacheze, yatulie. Yakipanda taratibu kama uji mzito, kuna njia imeziba, na kioo hicho kinakudanganya. Fanya hivyo kwa kioo cha pili, halafu linganisha.

Tarehe 16 Juni 1995, karibu na Gettysburg, Marekani, injini ya reli ya watalii ilikuwa ikivuta abiria huku maji yakiwa chini kuliko wahudumu walivyodhani. Njia za kioo zilikuwa zimejaa ukoko mgumu unaoachwa na maji. Dari la tanuru likaachia, na watu watatu waliokuwa kibandani wakaungua. Abiria hawakuumia. Wachunguzi walipoifungua boila walikuta mambo ambayo mtu mwenye subira angeyaona asubuhi yoyote kabla ya ajali.

Mwisho, washa injekta zote mbili, moja baada ya nyingine. Njia mbili za kuingiza maji, zote zifanye kazi kabla ya kutoka bandani. Moja haitoshi.

Hatua ya 3: Mafuta na makaa

Dereva hupaka mafuta, wewe unamshikia taa na kujifunza. Hesabu vikombe vya mafuta, ujue idadi yake, na usishuke chini ya injini mpaka dereva amesema anajua uko huko. Kuhusu makaa: tangu mgodi wa Ffos-y-fran karibu na Merthyr Tydfil ulipofungwa mwishoni mwa 2023, makaa ya Wales yamekuwa adimu, na reli nyingi huchoma ya kuagizwa kutoka nje. Hayawaki sawa. Uliza ya leo ni yapi, na mwenzako wa jana aliyaonaje.

Hatua ya 4: Kuunganisha injini na mabehewa

Mei 2012, kwenye stesheni ya Grosmont ya reli ya North Yorkshire Moors, gadi (msimamizi wa treni) wa kujitolea alifariki baada ya kubanwa kati ya mabehewa mawili. Alikuwa akifanya kazi ambayo kwenye reli yako itafanyika mara nne au tano leo.

Kwa hiyo: mtu mmoja tu anatoa ishara kwa dereva, na dereva anamjua ni nani. Injini inasogea hadi inagusa, inasimama. Kabla ya kuingia katikati, unamwambia dereva kwamba unaingia. Dereva anakaza breki, anaweka gia katikati, na anakujibu kwa sauti. Usiposikia jibu, hujaruhusiwa. Unaingia, unaunganisha mnyororo kwanza na mabomba baadaye, unatoka, unasema umetoka. Injini haisogei hata inchi moja wewe ukiwa ndani. Mnyororo ukiwa mfupi na ukataka injini isogee kidogo, toka kabisa ndipo uombe.

Mikono yote miwili juu ya kichwa maana yake simama. Dereva akikupoteza machoni, hata kwa sekunde, anasimama bila kungoja ishara. Usijifiche nyuma ya nguzo ukadhani anakuona.

Hatua ya 5: Jaribio la breki

Kwenye reli nyingi za Uingereza breki ni za ombwe. Injini inanyonya hewa kutoka kwenye bomba linalopita chini ya treni nzima, na breki zinaachia. Hewa ikiingia popote, kwa kukusudia au bomba likikatika, breki zinabana zenyewe. Ndiyo maana gadi huenda mpaka behewa la mwisho. Sindano ya kipimo cha mbele haikuambii kama bomba limeunganishwa hadi mkia.

Gadi anangoja kipimo kifike inchi 21 za zebaki, anaingiza hewa kwa kutumia valvu yake, na dereva anaiona sindano ya upande wake ikianguka. Kisha dereva analipandisha tena, na wote wawili wanasema: breki nzuri. Ukiwa na injini za iliyokuwa kampuni ya reli ya Great Western, zenyewe hufanya kazi kwa inchi 25. Ukibadilisha injini hiyo kwa ya 21, mabehewa yatagoma kuachia breki. Vuta kamba ya kila behewa, utoe ombwe la zamani lote, ndipo uanze upya.

Ulazima huu ulitoka Armagh, Ireland, tarehe 12 Juni 1889. Treni ya matembezi, imejaa watoto wa madrasa ya kanisa, ilishindwa kupanda mlima. Wahudumu wakaikata vipande viwili ili wapeleke nusu kwanza. Breki za treni ile zilikuwa za aina iliyokufa mara tu bomba lilipotenganishwa, kwa hiyo mabehewa ya nyuma yakabaki yameshikwa na breki ya mkono na mawe chini ya magurudumu. Yaliteremka. Walikufa watu 80, na mwaka uleule Bunge likaamuru breki zinazojibana zenyewe kwenye treni za abiria.

Hatua ya 6: Abiria

Mabehewa ya zamani yana milango inayofunguliwa kwa mkono, na abiria wa leo wamezoea milango inayojifunga. Tembea jukwaa zima, jaribu kila kitasa kwa kukivuta. Waambie wazazi watoto wasitoe vichwa dirishani. Talyllyn ina desturi inayofundisha: mkaguzi wa serikali alipoikagua 1866 alikuta madaraja ni membamba mno kwa mabehewa, akaagiza milango ya upande mmoja ifungwe moja kwa moja. Hadi leo abiria wa reli ile hupanda na kushuka upande mmoja tu.

Bendera ya kijani inapepea baada ya mlango wa mwisho, si wakati mtu yuko njiani kuufunga.

Hatua ya 7: Tokeni

Reli hizi karibu zote ni za njia moja. Kinachozuia treni mbili kukutana uso kwa uso ni kipande cha chuma. Kwenye mfumo wa ufunguo wa umeme, kila ncha ya kipande cha njia ina kasha, na makasha hayo mawili yameunganishwa kwa waya. Ukichomoa tokeni moja, makasha yote mawili yanajifunga mpaka irudishwe. Huna tokeni, huingii. Unayo, njia ni yako peke yako.

Mtambo huo ni mzuri sana, na bado unaweza kushindwa na mazoea. Tarehe 26 Januari 1921, stesheni ya Abermule, Wales, treni ya polepole ilifika na tableti (tokeni ya duara) ya kipande ilichotoka kukipita. Kijana wa stesheni akaipokea, akampa msimamizi aliyekuwa akishikilia nafasi kwa muda. Msimamizi akadhani ni tableti mpya, ya kipande cha mbele. Akamrudishia dereva. Dereva akaipokea akaondoka. Wote walioshika kitu kile walikuwa na macho, na jina la stesheni lilikuwa limeandikwa juu yake. Treni ya haraka ilikuwa inakuja upande wa pili. Walikufa watu 17.

Majira yangu ya kwanza ya kiangazi, kwenye reli moja ndogo, nilipewa tokeni nikiwa nimeegemea mlango wa kibanda. Ilikuwa ya shaba, nzito, bado ina joto la mkono wa aliyenipa. Nikainingʼiniza kwenye ndoano yake, nikachukua koleo. Dereva hakugusa regyuleta.

"Imeandikwaje?" akauliza.

Nikasema jina la stesheni inayofuata.

"Sikukuuliza tunaenda wapi. Nimeuliza imeandikwaje."

Nikaishusha, nikaifuta kwa kitambaa, nikasoma herufi moja moja. Ilikuwa sahihi. Ila mpaka dakika ile mimi sikuwa nikijua kwamba ni sahihi, na tayari nilikuwa na makaa kwenye koleo. Uso uliniwaka kuliko tanuru. Hakunigombeza, alichukua tokeni akasoma na yeye, kwa sauti, ndipo tukaondoka.

Kwa hiyo fanya hivi: anayetoa anasoma, anayepokea anasoma, dereva anasoma. Kwa sauti, majina yote mawili ya stesheni. Mvua inyeshe, mmechelewa, abiria wanapiga picha, bado mnasoma.

Hatua ya 8: Njiani

Fungua koki za silinda wakati wa kuondoka ili maji ya mvuke uliopoa humo yatoke. Maji hayabanwi, na pistoni ikiyakuta yatavunja kifuniko. Piga filimbi kabla ya kila kivuko, mapema na kwa muda mrefu, hata kama huoni gari wala ng'ombe.

Jifunze miinuko ya njia yako kwa moyo. Maji ndani ya boila hulala sawa kama maji ya sufuria, injini ndiyo inayoinama. Injini za Talyllyn zimeelekezwa bomba la moshi upande wa mlima, hivyo zikipanda maji hukimbilia nyuma na kufunika dari la tanuru. Ukifika kileleni na kuanza kushuka kwa bomba mbele, kioo kilichoonyesha nusu kinaweza kuonyesha kidogo sana ghafla. Basi weka maji kabla ya kilele, si baada yake.

Siku za ukame angalia nyuma. Cheche moja kwenye nyasi kavu huwa moto wa shamba la mtu. Ukiona moshi pembeni ya njia, mwambie dereva na umjulishe msimamizi wa ishara stesheni ya kwanza mtakayofika.

Ukilazimika kushuka na kutembea relini, tazama pande zote mbili, vuka kwa njia fupi, usikanyage juu ya reli maana inateleza, na mguu wako usiuweke kamwe kwenye ulimi wa pointi. Usikatize karibu na behewa lililosimama. Limesimama sasa hivi tu.

Hatua ya 9: Kuizima

Wengi huchoka hapa, na uchovu ndio huunguza. Jaza boila maji mpaka juu ya kioo, kwa sababu litapoa usiku na maji yatashuka. Toa moto na majivu ukiwa upande unaotoka upepo, uso umeugeuza. Majivu yanayoonekana meusi juu huwa mekundu ndani. Usiyamwage karibu na kuni wala usiyaache kwenye toroli. Kaza breki ya mkono, funga regyuleta, weka gia katikati, fungua koki za silinda, weka kabari mbele na nyuma ya gurudumu. Ni yaleyale uliyoyagusa asubuhi.

Halafu fungua kitabu cha kasoro. Andika kila ulichokiona, hata kidogo: kioo cha kulia kinarudi taratibu, injekta ya kushoto ilikataa mara moja. Usimwambie mtu kwa mdomo tu akakuahidi atalikumbuka. Atakayeiwasha kesho saa 11 alfajiri huenda hamjawahi kuonana, na kitu pekee atakachokuwa nacho ni mwandiko wako.

Nawa mikono. Rudi kwenye daftari la mahudhurio uandike saa ya kutoka. Usipoandika, jina lako litabaki kwenye orodha ya waliomo relini, na mtu atachukua tochi kwenda kukutafuta gizani.